Wangari Maathai, mama wa miti: somo kwa koperative zetu

Mara iliyopita tuliongea juu ya kukausha mpunga mbele ya kuuingiza depo. Mwezi huu tunaacha mpunga kidogo, tunaongea juu ya watu. Tutasoma maisha ya wanawake waliopita pa kwanza, pale ambapo njia haikuwepo. Zaidi sana tutamsoma mmoja, Wangari Maathai wa Kenya. Alianza na miche michache tu, na mwisho wakubwa wa nchi zetu wakampa kazi ya kusemea pori hili letu la Kongo. Jambo hilo la mwisho wengi huku Obokote hawalijui. Tutalifikia.

Kuna watakaouliza: gazeti la kilimo na habari za maisha ya wanawake, vinaingiana wapi? Jibu liko shambani. Pita asubuhi uangalie nani ameinama na jembe, nani anafukuza ndege kwenye mpunga, nani anatwanga, nani anabeba mawese kichwani mpaka soko. Kisha ingia katika mkutano siku ya kuchagua komite, ao siku ya kuandika majina ya wale watakaosaini kwenye banki. Je, majina yanayosikika ni ya wale wale waliokuwa shambani? Kila koperative ijijibu. Sisi tunatembea vikundi vingi, na tumeona majibu yanafanana sana.

Mtini na chemchem

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri, kwenye milima ya Kenya ya kati. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mtoto, mama yake alimtuma kutafuta kuni, lakini akamkataza kuokota hata kijiti kimoja chini ya mti moja mkubwa wa mtini. Kwa Wakikuyu mti ule ulikuwa wa Mungu, haukatwi wala hauchomwi. Karibu na mti ule palikuwa na chemchem, na mtoto Wangari alikuwa anacheza pale na mayai ya vyura ndani ya maji.

Miaka ikapita. Alipokuwa mtu mzima alirudi, akakuta mtini umekatwa ili kupata nafasi ya kulima chai. Chemchem nayo ilikuwa imekauka. Yeye alikuwa amesoma sayansi, akaelewa kitu ambacho wazee walikilinda bila kukiita sayansi: mizizi ya mtini inaingia ndani sana, inapasua mwamba, maji yanapata njia ya kupanda juu, na udongo wa mteremko unashikwa usiende. Kwetu pia wazee walikuwa na miti na vichwa vya mito ambavyo haviguswi. Vijana wakisikia hivyo wanacheka, wanasema ni mambo ya zamani. Sisi tunawaambia wachekelee pole pole, kwanza wakaangalie kisima chao kinatoa maji kiasi gani wakati wa jua.

Kusoma kwake kulianza na swali la kaka yake. Kaka huyo, Nderitu, aliuliza nyumbani: kwa nini Wangari haendi masomo sawa sisi? Swali fupi, wala halikuwa na ukali. Mama akafikiri, akajibu kwamba hakuna sababu. Bas, mtoto akapelekwa. Wapapa, shikeni hapo: mlango wa mwanamke huyu ulifunguliwa na mtoto mwanaume aliyeuliza swali nyumbani kwao.

Alisoma kwa masista, kisha mwaka 1960 akaingia katika kundi la vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma. Akapata diploma ya biolojia kule Kansas mwaka 1964, akaendelea katika chuo kikuu cha Pittsburgh mpaka 1966. Aliporudi Nairobi alikuta kazi aliyoahidiwa kwa barua imepewa mwingine. Hakurudi kijijini kulia. Alitafuta mlango mwingine, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata udokta wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa ya mwili wa wanyama, upande wa waganga wa mifugo.

Aliwaza kupe, akaona udongo

Sasa tunafika kwenye kazi ya kweli ya somo. Wangari alikuwa anatembea vijijini kuchunguza kupe wanaoua ng'ombe. Akaona kitu kingine. Mvua ikinyesha, mito inakuwa ya rangi ya udongo. Ng'ombe wamekonda, majani hakuna. Wakati ule ule alikuwa ndani ya baraza kubwa la wanawake wa Kenya, na wamama wa vijijini walikuwa wanaleta malalamiko yao pale: kuni zimekuwa mbali, maji safi hayapatikani, watoto hawashibi vizuri. Hata chakula kilibadilika juu ya kuni. Mama akikosa kuni anaacha kupika maharagwe yanayokaa motoni masaa mengi, anapika kitu chepesi, na mtoto anakosa nguvu.

Huku kwetu pori liko bado, tunamshukuru Mungu. Lakini muulize mama anayeuza makala Kindu: miaka 10 iliyopita gunia lilitoka wapi, na leo linatoka wapi? Mwenye kinga anayelisukuma barabarani atakujibu kabla mama hajafungua kinywa.

Wangari alisema: kama kuni zimeisha, kwa nini tusipande miti? Neno rahisi hivyo. Lakini mwanzo ulikuwa mbaya. Kwanza alifungua biashara ya miche, akaiita Envirocare, nayo ikaanguka. Miche mingi ilikufa kwa kukosa maji. Kisha tarehe 5 Juni 1977, yeye na wanawake wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na wakubwa walikuwepo. Mingi kati ya miti ile haikupona. Ukipanda mti siku ya sikukuu na hakuna mtu aliyeandikwa kuumwagilia kesho yake, umepanda kijiti tu. Wanachama waliokuwa katika miradi mingine ya miti huku Maniema wanaelewa tunasema nini: gari linakuja, picha zinapigwa, miche inagawiwa, na kiisha miezi sita unakuta mbuzi amemaliza kazi. Na sisi watu wa mashirika tujiangalie hapo.

Tofauti ya Wangari ni kwamba hakuacha. Aliuliza kwa nini imekufa, akabadilisha namna ya kufanya.

Miche ya wamama

Kwanza alikwenda kwa watu wa Leta wanaochunga pori, awaombe miche. Walikubali, tena bure, kwani waliwaza wamama watachukua michache na kuchoka. Wamama walichukua mingi mpaka miche ikapunguka, na wale wakubwa wakaanza kuomba pesa. Tena walimwambia kwamba kupanda miti kunaombwa diploma.

Wangari akawageukia wamama: nyinyi mnapanda mahindi na maharagwe miaka yote, na mbegu ya mti nayo ni mbegu. Nendeni porini na mashambani kwenu, angalieni ni mbegu gani zinaota, mkazipande. Wamama wakaanza pepinyeri zao wenyewe, yaani vitalu. Walitumia vyungu vilivyovunjika, wakaviweka pa juu ili kuku na mbuzi wasifike. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Baadaye wakaitwa mabwana wa misitu wasio na diploma, na jina hilo walilipenda.

Jambo ambalo koperative zetu zinapaswa kuliangalia kwa macho mawili ni malipo. Kila mama alilipwa kidogo kwa kila mche, mwanzoni senti 4 za dola. Lakini hakulipwa siku ya kupanda. Alilipwa kwa mche uliopona. Mtu alikuja kuhesabu, akaona mti umeshika, na hapo pesa ikatoka. Ndio maana mama alijenga uzio, alibeba maji, alifukuza mbuzi wa jirani. Senti 4 ni kidogo sana, tunajua. Lakini ilikuwa pesa iliyoingia mkononi mwa mama mwenyewe, kwa jina lake, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Na tazameni tena tarehe. Kazi ilianza 1977. Msaada mkubwa wa kwanza, kutoka Umoja wa Mataifa na kutoka Norway, ulifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wageni walikuta kazi imeshasimama. Tunalisema sisi ambao ni shirika la msaada, na tunalisema bila haya: kikundi kinachongoja sisi tufike ndipo kianze, mara nyingi hakifiki mbali.

Kufika 2004 harakati hiyo, iliyoitwa Green Belt Movement, yaani ukanda wa kijani, ilikuwa imepanda miti zaidi ya milioni 30.

Bei aliyolipa

Tusifiche upande mwingine. Mwaka 1979 ndoa yake ilivunjika mahakamani, na yeye mwenyewe akafungwa siku chache kwa sababu ya maneno aliyosema juu ya hukumu. Mume akamtaka asitumie tena jina lake. Jina lilikuwa Mathai. Wangari akaongeza herufi moja, likawa Maathai, akaendelea nalo mpaka kufa.

Mwaka 1989 wakubwa wa serikali walitaka kujenga nyumba ya gorofa 60 katika Uhuru Park, bustani ambayo watu wadogo wa Nairobi wanapumzikia bila kulipa. Wangari aliandika barua, akaandika tena. Alitukanwa ndani ya bunge, kundi lake likaitwa kundi la wanawake walioachika. Lakini waliotoa pesa waliogopa, na nyumba haikujengwa. Mwaka 1992 alikaa pale pale na wamama waliokuwa wanadai watoto wao waliofungwa kwa siasa. Polisi wakawapiga, yeye akapelekwa hospitali hana fahamu. Mwaka 1999 alipigwa tena kichwani alipokwenda kupanda miti katika pori la Karura, ambalo wakubwa walikuwa wanajigawia viwanja. Karura iko mpaka leo, watu wanatembea ndani yake.

Mwaka 2002 watu wa Tetu, kwao, walimchagua mbunge kwa kura 98 kwa mia. Mwaka uliofuata akawa naibu waziri wa mazingira. Na tarehe 8 Oktoba 2004 alipigiwa simu kwamba amepewa tuzo ya amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alikuwa njiani kwenda kwao Nyeri. Alichofanya ni kupiga magoti na kupanda mti.

Pori letu

Sasa jambo tuliloahidi. Mwezi wa Februari 2005, wakubwa wa nchi za Afrika ya Kati walikutana Brazzaville juu ya misitu ya bonde la Kongo, na walimchagua Wangari Maathai awe balozi wa misitu hiyo. Misitu hiyo ni hii tunayoiona tukifungua mlango. Alizunguka Ulaya na kwingine akieleza kwamba pori la Kongo linaleta mvua mbali kuliko mipaka ya Kongo, na kwamba kama dunia inalitaka libaki, dunia isaidie. Mwaka 2008 ulianzishwa mfuko wa kusaidia misitu ya bonde la Kongo, na yeye alikuwa mmoja wa wenyeviti wake wawili.

Alikufa tarehe 25 Septemba 2011 kwa ugonjwa wa kansa. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya sanduku lake. Walimtengenezea sanduku la mianzi, mafunjo na magugu ya maji.

Na kwetu Kongo?

Msiwaze kwamba wanawake wa namna hii wako paka Kenya. Mwaka ule ule wa 1940, kule Kinshasa, wakati ikiitwa Léopoldville, alizaliwa Sophie Kanza. Mwaka ule ule wa 1964 ambao Wangari alimaliza kule Kansas, Sophie alimaliza Lovanium na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu. Wakati wa Wabelgiji msichana alifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba, kwa hiyo jambo hilo halikuwa mchezo. Mwaka 1966 akawa waziri wa mambo ya jamii, mwanamke wa kwanza kuingia serikali ya nchi yetu. Angalieni tena: wanawake wa Kongo walipata haki ya kupiga kura 1967. Nchi ilikuwa na waziri mwanamke ambaye dada zake hawajaruhusiwa kupiga kura! Alikufa 1999. Ikachukua miaka mingi mpaka tarehe 1 Aprili 2024, Judith Suminwa Tuluka akaitwa waziri mkuu wa kwanza mwanamke. (Ni siku ile ile aliyozaliwa Wangari. Imetokea tu, lakini tumeipenda.)

Mama wa Obokote atasema: hao ni wa Kinshasa na Nairobi, wamesoma, mimi nina shamba la muhogo na watoto. Ni kweli. Ndiyo sababu tunataka kuongea juu ya karatasi moja inayomgusa yeye.

Katika Kode ya familia ya 1987, article 448, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa mambo ya sheria: kuchukua deni, kusaini mkataba, hata kuingia kazi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha hayo. Ile ruhusa ya mume imeondolewa. Sasa sheria inasema mume na mke wasikilizane, na neno hilo linawashika wote wawili: mama anaongea na papa mbele ya kufunga mkataba, na papa naye anaongea na mama mbele ya kuweka mavuno ya nyumba rehani. Hapo ndipo wapapa wengi wanashtuka tukieleza, kwani wamesikia nusu moja tu ya sheria. Haikutungwa kumtoa mume nyumbani kwake. Kode ingali inamwita mkubwa wa nyumba.

Na upande wa koperative, sheria ya OHADA ya 2010, ambayo nchi yetu inaifuata tangu Septemba 2012, inasema mwanachama mmoja, kura moja, hata kama mwingine ameweka sehemu mingi kwenye kese. Haisemi mwanaume mmoja. Watu 5 wanatosha kuunda koperative ndogo, na mwanachama ni yule aliyeandikwa jina. Hapo kuna shida tunayoiona kila msimu: karatasi ina jina la papa, na mazao yanaletwa na mama. Siku papa akifa, ao akienda kwenye machimbo na kukaa mwaka, mama anafika depo na kuambiwa yeye si mwanachama. Kilo zake ziko ndani, kura yake haiko. Dawa ni rahisi, na ni ya karani: kuandika majina mawili, kila mmoja na sehemu yake hata ndogo, mbele ya mavuno kuanza.

Kazi ya mikono: pepinyeri ya kikundi

Tusifunge bila udongo kwenye kucha. Kikundi chochote, hata cha likelemba cha wamama 10, kinaweza kuanza hivi.

Chagueni pahali karibu na maji, pasipofurika, na mjenge kivuli cha makuti ya ngazi kwa urefu wa mtu. Udongo wa juu wa porini vikapu viwili, mchanga kikapu kimoja, samadi iliyooza vizuri kikapu kimoja. Samadi mbichi inachoma mizizi. Mifuko ya plastiki ikikosekana, tumieni mikebe, chupa zilizokatwa, ao vyungu vilivyopasuka sawa wamama wa Kenya. Kila kitu kitobolewe chini maji yatoke. Mbegu ya avoka ipandwe ikiwa mbichi, ncha juu, kwani ikikauka inakufa haraka. Kwa miti ya kuni, kama vile akasia, mbegu ziloweshwe kwanza. Mwagilieni asubuhi na jioni, na miche ikikaribia kwenda shambani punguzeni kivuli pole pole, izoee jua. Ikifika urefu wa sentimita 30 hivi na mvua imeshika, pandeni. Kalitusi msiipande karibu na kisima ao kichwa cha mto, inakunywa sana.

Kisha fanyeni alivyofanya Wangari: daftari moja, jina la kila mtu, idadi ya miche, na siku ya kuhesabu iliyopangwa miezi mitatu mbele. Kese ya kikundi ikiweza kulipa kitu, hata sabuni, ilipe kwa mti uliosimama. Anayehesabu asiwe mwenye miche.

Kwa mkutano wenu, tunawapa maswali ya kuongea. Karani asome, na wamama waanze kujibu, wapapa wafuate. Katika koperative yetu, wanachama walioandikwa ni wangapi, na kati yao wanawake ni wangapi? Katika komite je? Nani anashika funguo ya depo? Kuna mama aliyewahi kurudishwa na mazao yake kwa sababu jina halikuwepo, na ilikwishaje? Ni mti gani ama chemchem gani wazee walitukataza kugusa, na leo hali yake ni gani?

Majibu ya swali la mwisho tunayataka sisi pia. Yaandikeni kwenye karatasi, pamoja na jina la mti katika Kikumu na mahali ulipo, mkampe msimamizi wetu atakapopita kuangalia mpunga. Kila kikundi kilete pia mbegu za mti moja wa kwao, konzi moja inatosha, zikiwa zimefungwa ndani ya jani na si plastiki, zisiote ukungu njiani.